Video Yangu Ndiyo Iliyokata Paa la Gari ya Anko

Wasee, hii stori nimekaa nayo tangu Aprili. Nimeiandika mara nne na kuifuta mara nne, kwa sababu kila nikijaribu kuifanya ikuwe ya kuchekesha, inakataa. Leo naiandika tu vile ilivyo. Mwisho nitawapa mambo ya kufanya ili gari yako, au ya mzazi wako, isichunwe usiku kama mbuzi wa Krismasi.

Kitu cha kwanza mnafaa kujua kuhusu wizi wa magari hapa Nairobi ni kwamba mara nyingi mwizi hata hataki gari. Gari nzima ina shida: ina nambari, pengine ina traka, na barabarani kuna polisi. Mwizi anataka vioo vya pembeni, redio, betri, indiketa, au ile kompyuta ndogo ya injini. Anataka kitu cha kuingia kwenye begi la mgongoni. Anavitoa kwa dakika chache, na asubuhi vinakaa juu ya meza ya mtu vikingoja mnunuzi.

Kitu cha pili ni kwamba anayempa mwizi ramani si lazima awe adui yako. Anaweza kuwa mtu wa nyumbani. Safari hii alikuwa mimi.

Gari yenyewe

Anko ni ndugu ya mathe, karani wa benki aliyestaafu, mtu wa kunyoosha suruali hata akienda kununua mkate. Anaishi Buruburu tangu nikiwa mtoto. Na huyo mtu mwenye kunyoosha suruali ana Mazda MX-5 nyekundu, ile ya kwanza kabisa, ya kufungua juu, yenye taa za mbele zinazoinuka kama macho ya chura ukiwasha.

Kabla mseme "lakini anko wako ni sonko", tulieni. Aliinunua 2009 kwa mtu waliyefanya kazi pamoja ambaye alikuwa anahama nchi na alitaka kuiondoa haraka. Ilimgharimu chini ya bei ya Probox. Watu hawataki gari ya viti viwili hapa Kenya: utabeba wapi watoto, gunia la viazi na nyanya akirudi ushago? Lakini Anko alikuwa ameiona hiyo gari kwenye gazeti akiwa kijana. Ilizinduliwa 1989 kule Chicago, na kufikia 2016 Mazda ilikuwa imeunda milioni moja. Milioni moja, na huku kwetu unaweza kumaliza mwezi bila kuona hata moja.

Ukikuja mtaani siku ya Jumapili baada ya kanisa, ungemkuta amefungua paa, anasugua usukani wa mbao na kitambaa. Usukani huo aliungojea miezi mitano utoke Japani. Watoto wa korti walikuwa wanapanga foleni kukaa ndani na kushika gia. Mimi pia nilipanga foleni hiyo nikiwa mdogo. Nikiwa na miaka kumi na miwili nilipiga kioo cha upande wa dereva na mpira kikapasuka kwenye ganda lake, tukakibandika na gundi, mimi na yeye. Ule ufa ulibaki pale kama alama ya chanjo. Shikilia huo ufa, tutarudi kwake.

Na pale getini kulikuwa na soja. Jina lake sitaliandika hapa, ameshaumia ya kutosha. Mzee wa miaka hamsini na kitu, koti refu la kijani, redio ndogo ya betri. Alikuwa ananiita Prodyusa tangu siku ya kwanza aliponiona na kamera. "Prodyusa, leo unapiga nini?" Hata siku nilikuwa nimebeba tu unga.

Video

Mwezi wa nne Anko alienda ushago kwa mazishi. Aliniachia ufunguo, akaniambia niwashe injini kila siku dakika kumi, basi. Hakusema niendeshe. Hakusema nipige video. Hakusema nisipige pia, na hiyo ndiyo sheria ya vijana wote: kisichokatazwa kimeruhusiwa.

Nilipiga video ya sekunde hamsini, na niwaambie ukweli, ilikuwa kali. Jua la saa kumi na moja jioni, taa zinainuka, paa linakunjwa, usukani wa mbao unang'aa. Halafu nikaongea. Nikasema, "Anko ameenda ushago mpaka Jumatano, leo hii ni yangu." Nikagonga dirisha la nyuma na kidole nikacheka: "Na hii hata si kioo, ni plastiki tu!" Nyuma yangu, kama uko makini, unaona geti na rangi yake.

Ikapaa. Mimi huwa napata watazamaji mia tano nikibahatika, hii ikapita elfu arobaini kwa siku mbili. Nililala na simu mkononi. Kwenye komenti mtu akauliza, "Hii ni Buru gani?" Akaunti haikuwa na picha. Nikamjibu na fezi, nikaongeza na emoji ya kucheka.

Sikuona shida yoyote. Nilikuwa najibu kila komenti kwa sababu tunaambiwa ukijibu, video inasukumwa zaidi.

Usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne ilinyesha ile mvua ya Aprili ya kupiga mabati mpaka husikii televisheni. Mimi nilikuwa kwetu Umoja, nimelala. Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi simu ikalia. Alikuwa soja.

"Prodyusa, kuja. Kuja tu."

Nilikuta paa limekatwa kwa kisu, mstari mmoja mrefu kutoka upande hadi upande, na lile dirisha la plastiki limefunguliwa kama pakiti ya maziwa. Usukani hakuna. Redio hakuna. Kichwa cha gia hakuna. Vioo vyote viwili vya pembeni hakuna. Pale usukani ulipokuwa kuna chuma kimetokeza na nyaya zinaning'inia. Mvua ilikuwa imeingia usiku wote, viti vimeloa, kwenye sakafu maji yanafika kifundo cha mguu. Soja alikuwa amejaribu kufunika na koti lake. Koti lake lenyewe, lile la kijani, lilikuwa juu ya paa lililokatwa, yeye amesimama kwenye baridi na shati.

Mkutano

Jioni hiyo kamati ya korti ikaketi. Na kila mtu aliyewahi kukaa kwenye esteti anajua hukumu kabla mkutano haujaanza: "Hii ni kazi ya ndani." Nani alijua Anko hayuko? Nani alikuwa macho usiku? Nani huwa anasaidia kuosha hiyo gari? Vidole vyote vikaenda mahali pamoja.

Hakuna aliyeuliza mtu mmoja ataona vipi ukuta wa nyuma akiwa ndani ya kibanda cha getini, usiku, kwenye mvua, akilinda nyumba zaidi ya thelathini kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Hakuna aliyekumbuka kwamba taa ya nyuma ilikuwa imeungua tangu Februari na alikuwa ameripoti.

Yeye alijitetea mara moja tu. Alisema hakusikia kitu kwa sababu ya mvua. Halafu akanigeukia mimi.

"Prodyusa, wewe umeniona hapa miaka yote. Waambie."

Nikaangalia simu yangu. Nataka mjue niliangalia nini. Niliangalia ile komenti. "Hii ni Buru gani?" na jibu langu chini yake, na ile emoji. Ndipo nikafungua ukurasa wa yule mtu, nikakuta akaunti haipo tena.

Sikusema kitu. Nilisema nitaongea baadaye, nikipata nafasi, Anko akirudi. Nilikuwa na sababu nyingi nzuri. Polisi walimchukua soja akalala ndani usiku mmoja, wakamwachilia kwa sababu hakukuwa na chochote cha kumshtaki. Lakini kamati ilikuwa imeshaiambia kampuni ya ulinzi imtoe. Alhamisi getini kulikuwa na kijana mwingine ambaye hata hakujua jina langu.

Niseme hivi kwa haki: sina ushahidi kwamba walikuja kwa sababu ya video. Gari nyekundu ya kufungua juu haihitaji intaneti ili ionekane. Lakini hebu jiulize. Nilikuwa nimetangaza mwenye gari hayuko, atarudi siku gani, paa ni laini wapi, usukani ni wa aina gani, na ni mtaa upi. Ningekuwa mwizi, ningebaki nauliza nini?

Grogan

Anko alirudi Jumatano. Hakupiga kelele. Alizunguka gari mara moja, akagusa pale usukani ulipokuwa, akasema, "Haya. Kesho twende Grogan."

Kwa wale wa nje ya Nairobi: Grogan ni Kirinyaga Road na vichochoro vyake. Barabara hiyo zamani ilibeba jina la Ewart Grogan, mlowezi yule aliyejulikana kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo. Jina rasmi lilibadilika, lakini watu hawakulibadilisha midomoni. Pale utapata kila kitu cha gari, na watu wengi wanafanya kazi halali: bidhaa za Japani na Dubai, risiti, garanti. Lakini pia kuna meza ambazo ukiuliza kitu kilitoka wapi, muuzaji anakuangalia kana kwamba umemuuliza mshahara wake.

Tulizunguka kuanzia saa tatu. Saa saba hivi, msee mmoja akatuambia ana vioo vya Mazda ndogo, "ya kufungua juu, ngumu sana kupata". Akavitoa kwenye gunia. Vyekundu. Nikashika kile cha dereva nikakigeuza, na ule ufa ulikuwa pale, na gundi yetu ya miaka kumi iliyopita, imegeuka rangi ya chai.

Nilihisi miguu imelainika. Jamaa akasema elfu kumi na mbili kwa vyote viwili, lakini kwa sababu ni mzee, elfu tisa.

Mimi nilikuwa tayari kutuma. Elfu tisa! Hivyo vioo kuviagiza kutoka nje ingekuwa mara tatu na miezi ya kungoja. Nikamnong'onezea Anko, "Tununue tu, tuende." Anko akakiweka kile kioo mezani polepole kama mtu anayeweka yai, akamshukuru jamaa, tukaondoka. Tulipofika pembeni akaniambia:

"Nikilipia hivi, nimeagiza vya jirani."

Hiyo sentensi imenikaa. Kwa sababu ndivyo biashara hii inavyoendeshwa. Hakuna mwizi anayekusanya vioo vya gari ili avitundike sebuleni. Anaiba kwa sababu wewe, aliyeibiwa Jumanne, utaenda kununua Alhamisi, bei poa, bila risiti, bila maswali. Kisha tunalalamika jamani wezi wamezidi. Na sheria inajua hivyo: kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayeshughulika na mali ya wizi, akijua au akiwa na sababu ya kuamini imeibwa, anaweza kufungwa hadi miaka 14. Kumi na minne. Si mwizi pekee, hata mnunuzi anayejua.

Hapo nikakumbuka lenzi yangu, ile iliyopiga video ya sekunde hamsini. Nilinunua kwa msee fulani kwenye ngazi za jengo fulani mjini, bei ya kutupa, bila boksi, bila risiti. Nilikuwa nimejiambia nimebahatika.

Tulienda polisi, ambako Anko alikuwa ameshapata nambari ya OB, tukaeleza. Kesho yake tulirudi Grogan na afisa. Meza ilikuwepo. Jamaa alikuwepo. Vioo havikuwepo, na hakuwahi kutuona maishani mwake. Hivyo ndivyo ilivyoisha. Najua mlitaka tuvipate. Hata mimi nilitaka.

Kwenye matatu

Nilimwambia Anko tukiwa kwenye matatu ya kurudi Buru, viti vya nyuma kabisa, muziki juu. Labda nilichagua hapo kwa sababu ya muziki. Nikamwonyesha video, nikamwonyesha komenti, nikamwonyesha jibu langu.

Aliitazama yote sekunde hamsini. Alitabasamu kidogo taa zilipoinuka, na hiyo iliniuma kuliko angenitukana. Akanirudishia simu. Tulipita Makadara bila neno. Halafu akasema:

"Mimi nimepoteza vitu. Nani amepoteza kazi?"

Jioni hiyo tulienda kwa mwenyekiti wa kamati, mimi mbele, yeye nyuma. Nikasema kila kitu. Mwenyekiti alisema vijana wa siku hizi mna shida, jambo ambalo lilikuwa kweli. Waliandika barua kwa kampuni kusema korti haina malalamiko dhidi ya yule mzee. Lakini barua ilichelewa wiki tatu, na katika wiki tatu maisha hayangoji. Alikuwa ameshapelekwa kulinda mahali panapojengwa nyumba kule nje ya mji, mbali na watu wake, nauli mara mbili.

Nilimpigia. Nilisema, "Mzee, ni mimi."

"Prodyusa. Habari?"

Nikamweleza. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikaangalia kama simu imekatika.

"Kwa hivyo siku ya mkutano ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nimeanza kujua."

"Sawa," akasema. "Asante kwa kusema."

Nimempigia mara tatu tangu siku hiyo. Hajachukua. Ni haki yake.

Sasa, gari yako

Najua wengi wenu hamna gari ya kufungua juu. Wengi wetu hatuna gari hata ya kufungua mlango. Lakini mna mathe mwenye Vitz, mna boda, mna simu. Haya nimeyajifunza kwa bei ghali, chukueni bure.

Kama paa ni la kitambaa, kufuli ya mlango haikusaidii sana, kwa sababu kisu kinapita juu yake. Kuna wenye magari haya ambao huacha milango bila kufungwa kabisa na ndani pakiwa patupu, ili mwizi aingie, aone hakuna kitu, aende bila kukata paa. Inasikika kama wazimu mpaka utafute bei ya paa. Lakini ongea na kampuni yako ya bima kwanza, kwa sababu inaweza kukataa kulipa kama hukufunga gari. Anko siku hizi anatoa kila kitu, na lile sanduku la mbele ya abiria analiacha wazi, ili hata anayechungulia aone ni hewa tupu.

Usiache hata kitu cha bei ndogo kikionekana. Mwizi hajui begi lako lina suruali za mazoezi tu. Waya wa kuchaji peke yake unamwambia kuna simu mahali fulani. Na ukifungua paa kwenye foleni pale Globe, simu isikae juu ya dashibodi na mkoba usikae kwenye kiti. Hakuna hata dirisha la kumchelewesha mtu.

Chora nambari ya gari kwenye vioo vyote, taa na vioo vya pembeni. Mafundi wanafanya hivyo kila mahali na haichukui muda. Haizuii mkono wa mwizi moja kwa moja, lakini kitu chenye nambari ni kigumu kuuza. Kisha waambie wapige ribiti kwenye vioo vya pembeni, na nati zenye ufunguo wake kwenye magurudumu. Sisi tulikuwa na ufa na gundi tu, na polisi wangehitaji zaidi ya hadithi yangu ya mpira.

Piga picha za vitu vyako vyote, pamoja na nambari za redio, rimu, na chochote ulichoongeza. Zihifadhi, usiziposti. Ukienda polisi kuandikisha, unataka kusema "redio yenye nambari hii", si "redio nyeusi hivi".

Soma bima yako. Sheria, Sura ya 405, inakulazimisha tu kuwa na bima ya mtu wa tatu, yaani ya wale utakaowaumiza. Hiyo hailipi hata skrubu moja ikiibwa kwako. Anko alikuwa na hiyo pekee, kwa sababu gari nzee ni shida kuipatia bima kubwa. Na hata ukiwa na bima kubwa, vitu ulivyoongeza mwenyewe, kama usukani wa maana, uliza kama vimeandikwa. Kisichoandikwa usitegemee kulipwa.

Ukibonyeza rimoti kwenye maegesho, vuta mlango kwa mkono uhakikishe. Kuna wasee huzuia mawimbi ya rimoti, wewe unaenda sokoni ukijua umefunga, kumbe hujafunga. Mkono wako haudanganyiki.

Gari ikilala, ibane. Anko huegesha pua ikiangalia ukuta na jirani anaegesha nyuma yake. Ameweka swichi ya siri ya kukata umeme, na ule usukani mpya ni wa kutoa: akishuka, anaingia nao nyumbani kama mtu aliyebeba sahani ya pilau. Majirani wanacheka. Acha wacheke.

Na ile kubwa, sisi watu wa kamera. Posti ukishaondoka mahali, si ukiwa hapo. Funika nambari ya gari. Angalia nyuma yako kabla hujajiangalia mwenyewe: geti, jina la duka, mnara wa kanisa, vyote vinaongea. Usiseme nani hayuko nyumbani. Na mtu akiuliza "hii ni wapi?", si lazima umjibu. Adabu haidai hivyo.

Halafu, kabla hujasema "ni soja", jiulize umemlipa akulinde na nini. Taa? Kamera? Mwenzake wa pili? Au umempa rungu, filimbi na lawama?

Paa jipya alilishona fundi wa viti pale Ngara, kwa turubai nzito, kwa sababu la kiwandani hakuna wa kutuuzia hapa. Si zuri kama la zamani, linavuja kidogo upande wa abiria. Nililipa mimi, kwa pesa za kazi tatu za harusi na pesa niliyopata kwa kuuza kamera yangu ya pili. Ile lenzi sikuiuza. Ningemwuzia nani, na ningemwambia imetoka wapi? Iko kwenye droo.

Video nilishaifuta. Watu wengine wamenitumia ujumbe wakiuliza irudi, ati ilikuwa bora kuliko zote. Ilikuwa bora, kweli.

Jumapili iliyopita nilikuwa Buru. Anko alikuwa nje na kitambaa chake, anasugua usukani ambao si wa mbao. Yule kijana wa getini akafungua, akaniangalia kutoka juu hadi chini, akauliza ninaenda kwa nani. Nikamwambia jina langu, nikamwuliza lake. Nikamwuliza pia kama ile taa ya nyuma imetengenezwa.

Bado.

Kwa hivyo hiyo ndiyo kazi yangu wiki hii: balbu moja na ngazi ya kuazima. Na wewe, kwenu ile taa ya nyuma inawaka?